Muhuri si Ridhaa



Kila mwaka, majira ambayo wanafunzi wa shahada za uzamili hujiandaa kwenda uwandani kukusanya habari za tasnifu zao, malalamiko ya namna moja husikika katika vyuo vikuu vya Mbeya na Iringa. Wanafunzi hulalamika kuwa kibali cha utafiti huchukua muda mrefu kuliko utafiti wenyewe. Wahadhiri hulalamika kuwa kamati za maadili huuliza maswali ya nukta na koma, zikayaacha maswali ya maana. Nao watumishi wa ofisi za mikoa na wilaya hulalamika kuwa watafiti hufika wamechelewa, hutaka barua siku hiyo hiyo, na wakishaipata hawaonekani tena.

Pande zote tatu zina haki ya kulalamika. Lakini yuko mtu wa nne ambaye halalamiki kwa sababu hakuna anayemwuliza, naye ndiye ambaye maadili ya utafiti yaliwekwa kwa ajili yake. Huyo ni mwananchi: mkulima wa Kilolo anayeulizwa mapato yake, mama wa Rungwe anayetolewa damu, mtoto wa darasa la tatu wa Mufindi anayepimwa uwezo wake wa kusoma. Mazungumzo haya yanakusudia kuonyesha kwamba tatizo la vibali halitatatuliwa kwa kuzidisha mihuri wala kwa kuifuta. Litatatuliwa kwa kurudisha mambo mahali pake: ukali uwe mwingi penye hatari nyingi, na neno la mwisho liwe la mwananchi anayechunguzwa.

DENI LA KALENGA

Wapo wasomi wanaodai kuwa maadili ya utafiti ni mzigo ulioletwa kutoka Ulaya na Marekani, na kwamba Mwafrika amebebeshwa tu. Mtu wa Iringa hana haja ya kwenda mbali ili ajue kuwa dai hilo halina msingi. Huko Kalenga, mwendo mfupi kutoka Iringa mjini, limehifadhiwa fuvu la Mtwa Mkwawa, kiongozi wa Wahehe. Mkwawa alijiua mwezi Julai 1898 ili asikamatwe na Wajerumani. Kichwa chake kilikatwa na fuvu likapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, uliofunga Vita Kuu ya Kwanza, ulilitaja fuvu hilo katika kifungu cha 246, ukaitaka Ujerumani ilikabidhi kwa Serikali ya Uingereza katika muda wa miezi sita. Miezi sita hiyo ikawa miaka thelathini na mitano. Fuvu lilirudi mwezi Juni 1954, baada ya Gavana Edward Twining kulichagua katika jumba la makumbusho la mji wa Bremen, miongoni mwa mafuvu mengi yaliyokuwamo, kwa kulinganisha vipimo vyake na vipimo vya watu wa ukoo waliokuwa hai. Lilikabidhiwa kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye akawa Spika wa Bunge.

Yafaa kuuliza: hayo mafuvu mengine yalifuata nini Bremen? Yalipelekwa kwa jina la elimu. Wanasayansi wa zama zile walipima vichwa vya Waafrika wakitaka kuthibitisha daraja walizokwisha kuzipanga wenyewe kati ya mataifa ya wanadamu. Mjini Berlin peke yake, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2023 ulihusu mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyotoka Afrika Mashariki. Zaidi ya 900 yalitoka Rwanda na takriban 200 yalitoka nchini Tanzania. Kwa kulinganisha vinasaba, wachunguzi waliwapata hata jamaa wa baadhi ya marehemu hao, wakiwa hai nchini Tanzania.

Ndugu, jambo moja katika habari hiyo lastahili kuzingatiwa sana. Waliokusanya mafuvu hayo hawakuwa vibaka wa usiku. Aghalabu walikuwa madaktari, maofisa wa jeshi na watumishi wa dola ya kikoloni. Ruhusa ya dola walikuwa nayo. Walichokikosa ni ruhusa ya wenye wafu. Tangu hapo basi, katika nchi hii hii, kibali cha Serikali na idhini ya mwananchi vilikuwa vitu viwili, na kimoja hakikuweza kusimama mahali pa kingine.

SAFARI YA BARUA MOJA

Chukua mfano wa mwalimu wa shule ya msingi anayesomea shahada ya uzamili katika chuo kimojawapo cha Iringa. Anataka kujua kwa nini watoto wa darasa la tatu katika shule chache za Kilolo hawasomi kwa ufasaha. Hatoi damu ya mtu, hagawi dawa, hamtenganishi mtoto na mzazi wake. Ataketi darasani, atasikiliza watoto wakisoma, atazungumza na walimu.

Pendekezo la utafiti wake hupita kwa msimamizi, likaenda idarani, likapanda kwenye kamati ya ndaki, likafika kurugenzi ya utafiti. Likipita huko, ndipo barua ya chuo itoke kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Huko barua hupokelewa masijala, hufunguliwa jalada, huwekewa dokezo, hupanda mezani, hushuka. Kisha huandikwa barua ya pili kwenda wilayani, na kutoka kwa Mkurugenzi wa Halmashauri ya tatu kwenda kwa Afisa Elimu, na ya nne kwa Afisa Elimu Kata, na ya tano kwa Mwalimu Mkuu. Kila barua humweleza anayeipokea yale yale ambayo anayeiandika aliandikiwa. Mwalimu huyo hupanda basi kwa nauli yake, hulala nyumba ya wageni kwa fedha yake, na hurudi mara ya pili kwa sababu mwenye kutia saini amesafiri kikazi.

Hakuna ofisi kati ya hizo iliyo na kosa ikitazamwa peke yake. Mkoa una haki ya kujua nani anazunguka katika vijiji vyake na anauliza nini. Halmashauri ina wajibu wa kulinda muda wa masomo. Mwalimu Mkuu hawezi kumruhusu mtu asiyemfahamu akae na watoto wa watu. Kosa liko katika mnyororo mzima: kila pingili inaongeza siku, lakini si kila pingili inaongeza ulinzi. Ofisi ya tatu haisomi hojaji ikagundua swali linaloweza kumwumiza mtoto. Husoma kichwa cha barua, ikatazama kama kuna muhuri wa ofisi ya pili.

Wakati huo kalenda haimsubiri mtu. Shule za msingi hufunga mwezi Juni na mwezi Desemba. Barua inayotoka mwishoni mwa Mei humkuta mtafiti mlangoni mwa shule tupu. Kwa wanaochunguza kilimo, hasara ni kubwa zaidi. Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja wa mvua, unaoanza yapata Novemba na kumalizika Aprili au Mei. Anayetaka kujua jinsi mkulima wa Mbozi au Mbarali anavyochagua mbegu, akapewa kibali mwezi Machi, atakuta mahindi yamekwisha kubeba. Hakuchelewa miezi mitatu, amechelewa mwaka mzima.

Na ucheleweshaji una watoto wake. Mtoto wa kwanza ni woga. Mwanafunzi anayeona shida ya mwenzake huacha swali zito alilokuwa nalo, akachagua jambo jepesi analoweza kuliandika bila kutoka maktaba. Hivyo vijiji vyenye maswali makubwa kuliko vyote huachwa bila wa kuyauliza. Mtoto wa pili ni udanganyifu. Muda wa kuwasilisha tasnifu ukikaribia na kibali hakijatoka, wapo wanaoingia kijijini kwa njia ya panya, na wapo wasiofika kabisa: hojaji mia moja hujazwa katika chumba cha gesti, kwa kalamu tatu na mkono mmoja. Tasnifu hiyo hupata alama, hufungwa jalada gumu, na siku moja afisa mipango huisoma na kuitumia kugawa fedha za wananchi. Utaratibu uliowekwa kulinda maadili umegeuka kuwa kiwanda cha kuyavunja.

HATARI HAZILINGANI

Lakini mtu asikimbilie kusema kuwa kamati zivunjwe. Mbeya ina kumbukumbu ya kutosha kuonyesha kwa nini ukali unatakiwa.

Mapema katika miaka ya 2000, wanawake wapatao 600 waliokuwa wakifanya kazi katika mabaa ya Mkoa wa Mbeya walishiriki katika utafiti wa virusi vya UKIMWI uliowafuatilia kwa miaka kadhaa, wakipimwa kila baada ya miezi mitatu. Mbeya ilikuwa imeumizwa sana na ugonjwa huo, ikiwa kwenye barabara kuu iendayo Tunduma na Zambia. Elimu iliyotafutwa ilihitajiwa mno. Hata hivyo fikiria uzito wa maswali yaliyoambatana nayo. Programu ya taifa ya kutoa dawa za kufubaza virusi hivyo ilianza mwaka 2004. Basi mwanamke aliyegundulika na virusi kabla ya mwaka huo aambiwe nini, na apewe nini? Siri yake ilindwe vipi katika mji ambao mwajiri wake, mteja wake na mwenye nyumba wake ni majirani? Akitaka kujitoa, atajitoa bila kupoteza tiba ya maradhi mengine? Maswali ya namna hiyo hayawezi kuachiwa mtafiti peke yake, hata awe mwema namna gani.

Kadhalika mwezi Desemba 2020 yalianza majaribio ya chanjo ya virusi vya UKIMWI yaitwayo PrEPVacc, yaliyowahusisha watu wapatao 1,500 huko Masaka nchini Uganda, Mbeya na Dar es Salaam nchini Tanzania, na Durban nchini Afrika Kusini. Mwishoni mwa mwaka 2023 utoaji wa chanjo ulisimamishwa baada ya kamati huru ya wataalamu kupitia takwimu na kuona kwamba hakuna matumaini kuwa chanjo hizo zitazuia maambukizi. Wenye fedha na wenye sifa wangependa majaribio yafike mwisho. Jicho la nje, lisilo na maslahi, ndilo lililosema basi. Hiyo ndiyo kazi halisi ya maadili, na inapofanywa vizuri wananchi hupaswa kuishukuru.

Utafiti wa tiba wa Mbeya, kwa kawaida, hupita katika kamati ya maadili ya Mbeya yenyewe, kisha katika kamati ya taifa iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Ukiwa na washirika wa ng'ambo, kama Chuo Kikuu cha Munich, hupita pia katika kamati ya huko. Kamati tatu kwa sindano inayoingia mwilini mwa mtu ambaye si mgonjwa si nyingi mno.

Tatizo ni kwamba fikra hiyo ya sindano imehamishiwa kwenye kila swali linaloulizwa na kila mtu. Mwalimu wa Kilolo anayesikiliza watoto wakisoma hujaza fomu iliyobuniwa kwa ajili ya daktari anayejaribu dawa. Huulizwa atahifadhi vipi sampuli, na hali hana sampuli. Huulizwa madhara ya mwilini, na hali hamgusi mtu. Mlinzi anayempekua kila apitaye kwa nguvu ile ile, mtoto na mwizi, hatimaye huchoka, na mwizi hupita akiwa amechoka. Kamati yenye mafaili mia mezani, themanini yakiwa ya hojaji zisizo na hatari, haina muda wa kuyasoma sawasawa yale ishirini yanayoweza kumtia mtu kaburini au kumvunjia ndoa.

WARAKA WA 1980

Wapo watakaosema kuwa mambo ya Serikali hayabadiliki kirahisi. Historia ya vibali katika nchi yetu inawapinga. Baraza la Taifa la Utafiti wa Kisayansi, lililojulikana kwa jina la UTAFITI, liliundwa kwa sheria ya mwaka 1968. Nafasi yake ilikuja kuchukuliwa na Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 1986. Kati ya tarehe hizo mbili, Serikali ilitoa waraka wenye Kumbukumbu Na. MPEC/R/10/1 wa tarehe 4 Julai 1980. Waraka huo ulimpa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uwezo wa kutoa vibali vya utafiti kwa wanafunzi na wafanyakazi wa Chuo hicho, kwa niaba ya Serikali. Namba yake imo katika barua za vibali zilizobandikwa nyuma ya tasnifu nyingi, na wengi wenu mmekwisha kuiona bila kuitilia maanani.

Maana ya waraka ule ni kubwa. Serikali ilikubali kwamba si kila swali la mwanafunzi lazima lipande hadi ngazi ya taifa ndipo liulizwe kijijini. Ilimwamini aliye karibu na mtafiti, ikamkabidhi madaraka pamoja na wajibu. Mwaka 1980 vyuo vikuu vilikuwa vya kuhesabika. Leo Iringa ina Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, kilichoanzishwa mwaka 2005, na Chuo Kikuu cha Iringa, na Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha. Mbeya ina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, na ndaki ya sayansi za afya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ndaki ya Chuo Kikuu Mzumbe. Watafiti wameongezeka maradufu. Busara iliyozaa waraka wa 1980 yapasa iendelezwe hadi ngazi ya mkoa na wilaya, isiishie kwenye geti la chuo.

KARATASI NA MTU

Sasa tufike kwenye kiini. Hata kama barua zote zingetoka kwa siku moja, bado maadili yangekuwa hayajaanza. Maadili huanza pale mtafiti anapobisha hodi kwa mwenye nyumba.

Dunia ilipata funzo hilo kwa gharama kubwa. Huko Tuskegee katika jimbo la Alabama, nchini Marekani, kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, wanaume weusi wapatao 600, wengi wao wakulima maskini, waliwekwa katika uchunguzi wa ugonjwa wa kaswende. Wagonjwa 399 miongoni mwao hawakuelezwa ukweli wa maradhi yao, na hawakupewa penisilini hata ilipojulikana kuwa ndiyo tiba. Utafiti huo haukufanywa mafichoni. Ulifanywa na idara ya afya ya Serikali yenyewe, kwa fedha za Serikali, na taarifa zake zilichapishwa katika majarida ya madaktari. Kama mihuri ingekuwa maadili, Tuskegee ingekuwa mfano wa utafiti bora. Azimio la Helsinki la madaktari wa dunia lilikuwa limekwisha kutolewa mwaka 1964, lakini uchunguzi ule uliendelea miaka minane zaidi.

Katika vijiji vya Mbeya na Iringa, mtafiti hufika akiongozana na mtendaji wa kijiji. Mwananchi huona barua yenye nembo ya Taifa, huona kiongozi wake amesimama hapo, kisha huombwa aweke saini au dole gumba kwenye fomu ya kurasa tatu yenye Kiswahili cha kutafsiriwa. Je, mtu huyo ameridhia, au ametii? Bibi wa Rungwe ambaye mazungumzo yake mazito huyafanya kwa Kinyakyusa, au mzee wa Kilolo ambaye huwaza kwa Kihehe, aweza kukubali jambo ambalo angelikataa kama lingeelezwa kwa lugha ya nyumbani kwake. Fomu ina nafasi ya saini ya kukubali; mara chache mtu huambiwa kwa sauti kuwa kukataa hakutamnyima mbolea ya ruzuku wala dawa ya zahanati.

Hapa ndipo mtumishi wa umma anapotakiwa kujichunguza. Barua yake humfungulia mtafiti njia ya kuingia kijijini. Haimpi ufunguo wa nyumba ya mtu. Mtendaji anayesema, "Hawa wametumwa na Serikali, wajibuni," amelifuta kwa sentensi moja kila jambo ambalo kamati ya chuo ililijadili kwa miezi. Heri angesema, "Hawa ni wageni, wana barua, wasikilizeni, na asiyetaka yuko huru."

MGENI NJOO, MWENYEJI APONE

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Watafiti wengi waliokuja Nyanda za Juu Kusini walipona wao. Kati ya mwaka 1934 na 1938, Godfrey Wilson na mkewe Monica waliishi miongoni mwa Wanyakyusa wakichunguza mila, mazishi, matambiko na vijiji vya marika. Vitabu vya Monica Wilson vilivyotokana na kazi hiyo vilitoka mwaka 1951, 1957, 1959 na 1977. Ni kazi yenye thamani, na wasomi wa dunia nzima waliitumia. Lakini iliandikwa kwa Kiingereza, kwa wasomaji wa mbali, na wazee waliotoa maneno yale walifariki wengi wao bila kujua yaliandikwa vipi. Waliouliza wakati huo walikuwa wageni chini ya utawala wa kigeni. Swali la leo ni kwa nini Mtanzania mwenye tasnifu ya leo hufanya vivyo hivyo kwa kijiji cha shangazi yake.

Mfano mwingine ulitoka Iringa yenyewe. Kuanzia mwaka 1983 hadi 1988, wakati Mkoa wa Iringa ulipokuwa bado unajumuisha Njombe, Makete na Ludewa, Mpango wa Lishe uliosaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Serikali ya Italia, ulianza katika vijiji 168. Watoto wenye umri wa chini ya miaka mitano walipimwa uzito kila baada ya miezi mitatu, mbele ya wazazi wao. Takwimu hazikukimbizwa mjini kwanza. Zilisomwa hapo hapo, kamati ya kijiji ikajadili mtoto gani amepungua na kwa nini, kisha ikaamua: fulani apelekwe zahanati, familia ile isaidiwe kazi shambani, watoto wadogo wapewe uji mchana mama zao wakiwa kazini. Utapiamlo mkali ulishuka kutoka asilimia sita hivi hadi chini ya asilimia mbili. Namna ile ya kupima, kuchambua na kutenda ilichangia mkakati wa lishe ambao UNICEF iliutoa kwa dunia nzima mwaka 1990.

Wataalamu wa Ulaya walijifunza kutoka Iringa kwamba mwananchi akirudishiwa takwimu zake hutenda. Itakuwa aibu vyuo vilivyoko Iringa vikiwa vya mwisho kujifunza funzo hilo.

YAPASAYO KUTENDWA

Ndugu walimu, ndugu watumishi, yapo mambo matano yanayowezekana bila kusubiri sheria mpya.

Kwanza, maombi yachambuliwe kwa hatari. Utafiti unaogusa mwili, siri za ugonjwa, watoto katika hali ya dhiki, au mambo yanayoweza kumfikisha mtu polisi, upitiwe na kamati nzima kwa makini. Utafiti wa mazungumzo ya kawaida upitiwe na wajumbe wawili kwa siku chache. Taratibu za mapitio ya haraka zinajulikana katika kamati nyingi. Kinachotakiwa ni kuzitumia.

Pili, kila ofisi ijiwekee idadi ya siku, na iibandike ukutani. Ikikataa, iandike sababu. Kukataa kwa sababu ni uongozi. Kukaa kimya juu ya faili ni kumhukumu mtu bila kumsikiliza.

Tatu, barua ya mkoa itoke na nakala kwa wilaya, halmashauri, kata na shule kwa wakati mmoja. Ngazi za chini zijulishwe, na yenye pingamizi ilitoe. Hakuna haja ya kila ngazi kuandika upya ruhusa iliyokwisha kutolewa, wala mtafiti asigeuzwe tarishi wa kubeba barua za Serikali kutoka ofisi hadi ofisi. Njia hiyo ikifupishwa, na mianya ya "chochote" ya kuharakisha faili itapungua.

Nne, ridhaa iombwe kwa mdomo na kwa lugha inayoeleweka, mtendaji akiwa ameondoka. Kamati isihesabu kurasa za fomu; imwombe mtafiti aeleze utafiti wake kwa maneno ambayo angemwambia bibi yake. Akishindwa, hajawa tayari kwenda uwandani. Na ndani ya kamati aketi mwananchi asiye msomi, mwenye sauti kamili.

Tano, na hili ndilo kubwa, pasiwe na kibali cha pili kwa mtafiti ambaye hakurudisha matokeo ya kwanza. Kurasa mbili za Kiswahili chepesi zibandikwe kwenye ofisi ya kijiji na kwenye ubao wa matangazo wa shule, na mtafiti asimame mbele ya mkutano wa kijiji ajibu maswali. Nakala ya tasnifu iliyo kwenye rafu ya maktaba haimsaidii mama aliyejibu hojaji akiwa na mtoto mgongoni.

Mengi katika haya yamo mikononi mwenu. Mtumishi wa umma anashika muhuri. Mwalimu aghalabu ndiye mtafiti, na shule yake ndiyo uwanja wa utafiti wa wengine. Mwenye muhuri akumbuke kwamba faili lililolala mezani kwake msimu mzima ni swali la kijiji lililokosa jibu. Mwenye hojaji naye akumbuke kwamba kibali alicho nacho mfukoni kimetoka kwa watu wasioulizwa chochote na hojaji yake. Wanaoulizwa wako nyuma ya mlango ambao bado hajaubisha, na wao peke yao ndio wenye uwezo wa kumwambia karibu.